Njia ya Baiskeli Inayopita kwa Mkwe

Jumanne, 21 Mei

Nmepanda Masingini tena leo. Mnyororo umetoka pale pale ulipotoka juzi, kwenye kona ya mawe. Nkakaa chini kuurudisha, mikono myeusi kama muuza makaa. Mzee mmoja kapita na ng'ombe wake, kanambia, "Huyu hana gia na anafika." Nkaufunga mnyororo, nkapanda.

Bi Greta anataka vilima na mabonde ya mto. Ndo kazi yake, anawatembeza wazungu kwa baiskeli nchi mbali mbali, sasa kaja Unguja. Alipouliza nani anazijua njia za shamba, nlinyosha mkono hajamaliza kuuliza. Vilima tele, nkamwambia. Mto upo. Kilima chetu ukipiga chafya ushakipita. Mto wetu ng'ombe wakija kunywa kwa pamoja wa mwisho anakuta matope.

Lakini njia nnayo. Mjini, Masingini, unateremka Kizimbani kwenye mikarafuu, unaingia bonde la mpunga Bumbwisudi, unatokea Mangapwani pangoni. Bumbwisudi si lazima. Nmeitia mie. Mke wangu Rukia yuko huko, kwa baba yake.

Nlimwacha siku ya Sikukuu Ndogo, mfunguo mosi. Mzaha. Nyumba imejaa, tunakula, dada zake wananicheka kwamba mie bila ya Rukia hata kanzu siwezi kuivaa. Nkasema, "Siwezi? Rukia, nshakuacha, talaka moja hiyo. Haya nipe biriani." Nkangoja wacheke. Hakucheka mtu.

Shehe kasema talaka haina mzaha, imepita. Kasema pia ni moja tu, eda haijesha namrudisha kwa neno. Ikesha, basi tena, neno langu halina kazi. Nkaondoka mbio kwa aibu, sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 23 Mei

Bonde zuri. Sikutegemea. Unateremka kutoka kwenye mikarafuu, ghafla kijani kitupu, majaruba mpaka jicho linachoka, na mto katikati umebeba maji ya masika. Nlisimama. Nkasahau kwamba nlimdanganya Bi Greta.

Wanawake walikuwa wanapalilia. Mmoja kaniona na kofia yangu ya plastiki.

"Jamani, papasi kapotea. Pwani kule, baba, wazungu hawaoti mpungani."

Wakacheka wote. Nkawaambia nnatafuta mbegu niwaoteshe. Wakacheka zaidi. Nlijisikia vizuri kwa mara ya mwanzo tangu Sikukuu.

Halafu nkaliona bati la nyumba ya mkwe wangu, ng'ambo ya mto. Moyo ukashuka mpaka kwenye kanyagio.

Mzee Haji hajapata kunipenda. Siku ya posa aliuliza kazi yangu nini. Nkasema utalii. Akasema, "Papasi." Kupe huyo, anayeganda kwa wageni. Basi nmeshapanga. Njia ipite mlangoni kwake. Mie mbele, wageni nyuma yangu wamepanga mstari kama harusi. Nashuka, namwamkia, nasema mbele ya watu wote kwamba nmemrejea mke wangu. Aone na yeye kupe kakua.

Jumapili, 26 Mei

Sele kanigombeza. Sele ndo fundi wangu wa baiskeli, Mkunazini, tumesoma chuo kimoja cha Kurani. Alikuwa ananyoosha rimu.

"Rejea ni neno moja, yakhe. Halitaki gia. Liseme hapa hapa, mie shahidi, na yule anayejaza upepo shahidi wa pili. Umpigie simu, umekwisha."

"Nataka babaake aone."

"Babaake ndo uliyemuoa?"

Nkamwambia muda upo. Eda miezi mitatu, mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu. Safari ya wageni tarehe kumi na tano Juni, mfunguo tatu hata nusu haujafika. Sele kasema, "Muulize shehe." Nkasema hesabu hiyo hata mtoto wa chuoni anaijua. Kasema, "Weye chuoni ulikuwa unachekesha watu."

Kweli.

Jumatano, 29 Mei

Mvua. Kiteremko cha Kizimbani kimekuwa mto kuliko mto. Nmeanguka mara mbili. Nyumbani hakuna wa kumwonesha goti.

Jumatatu, 3 Juni

Nmempitisha Bi Greta njia nzima. Masingini kapanda kama anakwenda dukani, mie nyuma nnahema. Nkamwambia nabaki nyuma kwa usalama wake.

Bondeni kashuka. Kasema hapa ndo penyewe. Hataki pango, hataki pwani, anataka hapa. Nyumba ya mkwe tuliipita kwa mbali, kulikuwa na kanga ya Rukia kambani. Ile ya zambarau. Niliinunua mie.

Baya ni moja. Wageni wamebadilisha. Wanakuja tarehe sita Julai, si kumi na tano Juni. Kaniuliza ntaweza. Nkahesabu kwa vidole mgongoni asinione. Sita Julai mfunguo tatu haujesha, mwezi utakuwa ukingoni, mfunguo nne bado kuandama. Nafasi nyembamba lakini ipo.

Nkasema nnaweza.

Jioni nkamwambia Sele. Kanitazama tu, kaendelea kutia viraka.

Jumatatu, 17 Juni

Sikukuu Kubwa. Nmesali, nmekula kwa jirani, nmechekesha watoto wa watu. Nyumba yangu kimya mpaka nnasikia friji.

Nmempigia mama mkwe kumpa mkono wa Iddi. Nkamwamkia, kaitikia marahaba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Mwanangu, njoo leo."

Nkamwambia nakuja, mama, tena nakuja na msafara, mtatandika majamvi mpaka njiani.

"Usingoje msafara. Njoo leo. Kama si leo, kesho asubuhi."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa." Akashusha sauti zaidi. "Mie siwezi kukwambia zaidi, mwanangu. Wewe mkwe wangu. Njoo tu."

Nkamtania kwamba kashanikumbuka. Hakucheka. Familia ile wagumu kucheka.

Kesho siwezi. Kesho nnakwenda na Sele kujaribu breki.

Ijumaa, 28 Juni

Baiskeli zote zimekaa sawa. Nmezisugua mpaka Sele kasema ntatoboa chuma. Nmefanya mazoezi ya kushuka: mguu huu, halafu huu, mkono kifuani. Mbele ya kioo nnaonekana mtu.

Nnaogopa. Sijui kwa nini. Kila kitu kiko tayari na nnaogopa.

Jumamosi, 6 Julai

Niandike upesi nisije nikaacha.

Asubuhi nzuri, upepo wa kipupwe. Wageni walipanda Masingini wanacheka. Mnyororo haukutoka. Mikarafuu, kiteremko, wote wazima. Bondeni mpunga ushaiva, wanavuna. Yule mwanamke kaniona, kapiga vigelegele, "Papasi kazaa." Wageni wakapiga picha. Nlikuwa na furaha hata nkapiga kengele bila ya sababu.

Mzee Haji alikuwa barazani kwake anasuka kamba. Nkashuka kama nlivofanya mazoezi. Shikamoo. Marahaba. Nkaweka mkono kifuani, nkasema kwa sauti, hawa wote mashahidi, mimi nimemrejea mke wangu Rukia.

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ngoma.

Mzee hakunyanyuka. Hakukasirika hata kidogo, afadhali angekasirika.

"Umemrejea nani, mwanangu? Eda imekwisha siku mbili baada ya Sikukuu Kubwa."

Nkamwambia miezi mitatu bado, mwezi haujaandama.

"Miezi ni ya bibi kizee aliyekoma, na mtoto asiyevunja ungo. Mwanamke anayeona siku zake anahesabu tohara, usafi wa baina ya hedhi na hedhi. Tohara tatu. Yake zimekwisha zamani."

Bi Greta kaniuliza mzee anasema nini. Nkamwambia anawakaribisha.

Nkauliza mbona hamkunambia.

"Mama yake akwambie nini? Akutajie siku za mwanawe? Wewe mkwe." Kaitazama kamba yake. "Alikwita. Alifika mwisho pale alipoweza kufika."

Hapo ndo nkaelewa ile simu.

Rukia alitoka mlangoni. Kapungua. Kajitanda ile ya zambarau. Nkamwambia basi nakuoa upya, leo, mahari yoyote, wali wako, baba yako, tuko naye hapa. Nlimsemesha kama nnauza safari. Ndo nnavojua kusema.

"Nlikungoja," kasema. "Kila gari ikisimama nlikuwa natoka. Siku ya mwisho nlipika. Nkajua umejifundisha, hutakuja na mchezo." Kawatazama wageni na makofia yao. "Umeniacha watu wacheke. Umekuja kunirudisha watu wapige makofi. Nikirudi kwako, ntakuwa nnangoja nini tena?"

Kaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Kaurudisha tu.

Mzee kasema, "Wape wageni wako maji, njia ndefu." Mama mkwe alileta kata na ndoo, hakunitazama usoni. Maji ya baridi. Wageni walishukuru sana.

Nkawaongoza mpaka Mangapwani. Nliwachekesha njia nzima. Mmoja alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli.

Jumapili, 7 Julai

Tarehe ya mwanzo ingewahi. Hata simu ingewahi. Hata siku ile kwa Sele, na yule mjaza upepo.

Sina la kuchekesha.

Alhamisi, 11 Julai

Bi Greta kaja kwa Sele kunitafuta. Kafurahi mno. Wageni wamemwandikia, wamependa bonde, na zaidi wamependa ile nyumba ng'ambo ya mto, mzee na kamba yake, maji ya kata, binti wa kanga ya zambarau. Anataka njia hiyo hiyo kila Jumamosi mpaka masika. Mie ndo kiongozi. Ndo kazi niliyokuwa naiomba.

Nkamwambia ipo njia nyengine nzuri, ya Dole. Kasema hapana, hii. Nkamwambia pale nyumbani tusisimame, wenyewe hawapendi. Kafikiri, kasema sawa, mpite tu.

Sele kauliza, "Utaweza?"

Nkasema nnaweza. Nlisema hivo hivo siku ile.

Nmetia mafuta mnyororo, nmetazama breki. Pale mlangoni kwa mzee kuna kiteremko kidogo, sikukijali Jumamosi ile kwa sababu akili ilikuwa kwenye kushuka. Ukiacha kukanyaga, baiskeli inapita yenyewe.