Nilitangaza Kanisani Kwamba Mke Wangu Amepona

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie kabla mdomo wangu haujaniletea msiba. Mimi ni mpimaji wa damu katika zahanati moja huku Shinyalu, na si kujisifu lakini hakuna anayenishinda kusoma mrija wa ESR, ule tunaousimamisha na damu kwa saa moja tuone imezama kiasi gani, maana ikizama sana ujue mwilini kuna uvimbe, basi mke wangu Muhonja mimba tatu zilitoka, kisha damu ikaganda mguuni, daktari wa Eldoret akasema kinga ya mwili wake imemgeukia ndiyo maana damu inaganda ovyo, akampa sindano za kuizuia, anajidunga mwenyewe tumboni asubuhi na jioni, na sasa ana mimba ya miezi mitano, hatujawahi kufika hapo, na wiki jana nikampima kwa mrija huo, kutoka tisini na mbili imeshuka hadi thelathini, nikashindwa kujizuia, Jumapili nikasimama na koti langu jeupe nikashuhudia kwamba amepona, vigelegele vikapigwa, mchungaji akaja kwetu kula ingokho, kuku wetu wa kienyeji, na tangu siku hiyo Muhonja amekataa sindano, anasema, "Wewe ndiye unapimanga damu ya kila mtu hapa. Umesema mbele ya kanisa nimepona. Nikijidunga tena, si tutakuwa tumedanganya Mungu?" Nikikanusha, nani ataamini vipimo vyangu tena?

Phanuel, Shinyalu

Phanuel, pole sana kwa hizo mimba tatu. Pole zimeishia hapo. Barua yako imekaa posta siku nne, na siku zote hizo mkeo hajajidunga kwa sababu wewe unalinda jina. Huoni haya?

Nimemuuliza daktari mmoja. Mrija uliusoma sawasawa, lakini unaonyesha uvimbe umepungua tu. Hausemi damu imeacha kuganda. Uvimbe unaweza kutulia na damu ikaganda vilevile, mguuni au kwenye kondo la nyuma. Hilo hukulijua, ukatangaza amepona.

Jumapili simama palepale, na koti lako, useme, "Nilikosea." Watakuamini zaidi. Na ukitaka kujivuna, taja jina la Muhonja, mwanamke anayejichoma tumbo mara mbili kwa siku kwa ajili ya mtoto ambaye hajamwona. Mimi simjui, na ninajivunia yeye.

Lakini Jumapili ni mbali. Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, mpeleke kwa daktari wake aseme sindano zianze tena vipi. Njiani mwombe msamaha.