Maji Niliyoyaandikia Cheti

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Maabara.
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa Dada,

Pokea salamu tele za mdogo wako. Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimeacha kubana? Sisi huku tunajikongoja. Mama magoti yanamsumbua, ingawa ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Binti yako Kijiti kang'oka meno mawili ya mbele, sasa anaongea kwa upepo. Yuko hapa kwangu tangu Ijumaa. Kabla hujashtuka, soma mpaka mwisho.

Mwezi wa tatu uliniuliza kama maji ya kisima cha kaka yanafaa, maana nyanya zake anazipiga dawa ya wadudu hatua chache tu kutoka hapo. Nilichota chupa moja, nikaipima kazini, nikampa kaka cheti, na wewe nikakuandikia kwamba maji ni safi. Ukamwacha mtoto kule kwa kaka na Mama. Dada, nilikosea, na kosa ni langu.

Sikukudanganya. Mashine yetu hutafuta kile ilichoagizwa, na fomu ina mstari mmoja tu kwa dawa ile. Yenyewe kweli haikuwamo. Ila pembeni mwa mchoro unaotolewa na mashine kulikuwa na kinundu kidogo. Vinundu hivyo tunaviita wageni wasioalikwa. Kisicho na mstari kwenye fomu hatukiandiki. Nikadhani ni uchafu wa chupa.

Mwezi uliopita nikapima tena, nikakuta kinundu kimekua. Nikampelekea fundi wetu mkongwe, yule tunayemwita Miwani. Akanikumbusha jambo nililosoma chuoni nikalisahau nilipoizoea fomu. Dawa ikishanyunyizwa, jua na udongo huivunja, na vinavyozaliwa humo, yaani metaboliti, vingine hukaa majini muda mrefu kuliko dawa yenyewe na vingine vina sumu kali zaidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tukaagiza sampuli safi ya hicho tulichokishuku, tukaipitisha kwenye mashine, na Alhamisi ikalingana na kinundu changu bila kupishana.

Bosi hakufurahi. Anasema fomu ndiyo fomu, nikianza kuwafuata watoto wa dawa nitaishia kuwatafuta wajukuu. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia.

Aliyenikata maini ni kaka. Nilipofika shambani Ijumaa nilikuta cheti changu kakibandika kwenye mlango wa pampu, tena kakivalisha nailoni kisilowe. Majirani wameacha visima vyao wanachota kwake, kwa kuwa ndicho kisima pekee chenye karatasi. Nikamwomba akifunge. Akaweka kidole pale chini kwenye karatasi.

"Hii saini ni ya nani?"

Nikakibandua, wifi akanisaidia kuifunga pampu kwa mnyororo huku analia. Kaka hajanisemesha tangu hapo. Jioni ile nilipita nyumba kwa nyumba nikijikana mwenyewe. Wengine walinielewa, wengine walinifungia mlango. Mama mmoja mjamzito aliniuliza amekunywa miezi mingapi, nikahesabu naye kwa vidole.

Kijiti amekuwa akilalamika kichwa tangu Juni. Mama alidhani ni meno. Jana nilimpeleka hospitali wakamtoa damu. Nikamuuliza daktari wanatafuta nini humo, akanitajia dawa, jina lile lile. Nikamwandikia jina la pili, la yule mtoto wa dawa, nikasimama palepale mpaka akalitia kwenye fomu yake. Majibu ni Jumatano.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Wifi pia anakusalimu. Kaka angekusalimu kama tungekuwa tunaongea. Mwandikie wewe, wewe ndiye mkubwa wake, labda atakusikia. Mungu akufunike huko uliko, na huku asituache.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ni haki yako. Mtoto anakula, anacheza, ananichosha kwa maswali, nami namchungulia kila anaposhika kichwa. Nimeshika simu mara nyingi tangu jana nikairudisha mezani. Najua ungeniuliza kama yuko salama, na neno hilo, Dada, nimeshindwa kulitamka.

Wako akupendaye, ingawa amekukosea,
Mdogo wako