Tangi Lilikuwa Limejaa

Ijumaa, 1 Agosti

Nimeosha boti. Nimeanika majaketi. Wageni wa leo walikuwa watu wa ofisini, wametapika nyuma kote, kisha wakaniachia maganda ya machungwa.

Mshale wa mafuta umekaa juu njia nzima. Safari ya pili hii tangu Shemeji Athumani aweke juu ya tangi lile benchi jipya lililochongwa Keko, na geji haijashuka hata kidogo. Shemeji anasema benchi lina baraka. Mie nasema mashine imepata akili. Tumecheka. Ni nadra kucheka naye. Boti yake. Nyumba yake. Chumba cha uani ninacholala na Mwanaidi, chake pia, maana Mwanaidi ni dada yake. Mke wangu kaweka pazia la maua dirishani ili kionekane chetu.

Mwanaume kukaa ukweni ni kazi ya pili, tena haina likizo.

Jumamosi, 2 Agosti

Aibu.

Asubuhi wageni walishakaa. Nikawasha swichi, mshale juu kabisa. Shemeji akapiga simu kuuliza mafuta. Nikamjibu: tangi limejaa. Kwa mdomo wangu huu.

Kurudi kutoka kisiwa cha Mbudya mashine ikakohoa, ikazima. Nikafungua tangi: kavu, imebaki harufu tu. Wavuvi wametuvuta kwa kamba mpaka Kunduchi, mtoto analia, mama yake ananitukana.

Shemeji alikuwa ufukweni. "Asubuhi limejaa, mchana kavu. Umeyauzia wapi?" Mbele ya watu. Kachukua ufunguo.

Jumapili, 3 Agosti

Nikiondoka, nimekiri. Nikibaki, ninakula wali wa mtu anayeniita mwizi. Nimezunguka uani siku nzima, kutoka kisimani hadi getini. Geti liko wazi. Siwezi kutoka.

Mama mkwe kaleta chakula kama kawaida. Mwanaidi kaniuliza, kwa upole kabisa: "Hukuyauza kweli?"

Bora angenizaba kibao.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji kaleta fundi umeme kutoka Manzese. Kanyanyua benchi, kachomoa boya la tangi, lile linaloelea ndani na kuupandisha mshale. Kalinyanyua kwa mkono, mshale ukapanda. Kalishusha, ukashuka. Tukamimina mafuta kidogo, mshale ukasimama pale pale panapostahili.

Fundi kafuta mikono. "Braza, geji nzima. Ishu itakuwa kwa watu."

Shemeji hakuniangalia. Nimetamani kumtumbukiza yule fundi baharini na begi lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu mwenyewe. Shemeji kanipa ufunguo, yeye kasimama pembeni kama polisi. Nimetoa benchi. Nimekaza vichwa vya betri, nimesugua kutu, nimetikisa kila waya, nimegonga kioo. Mshale unasema kweli. Kila mara, kweli. Jamani! Niliomba geji iharibike mbele yake, hata kidogo tu.

Kasema Jumapili anaita wazee wa familia niapishwe Msahafu. Siogopi kiapo, sikuiba. Ila mtu akishaapishwa, jina linabaki: yule aliyeapishwa. Watoto wangu watalirithi.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike kabla sijasahau.

Mama mkwe kaja ufukweni kwa miguu yake, na mwavuli. Anataka kukiona kinachowagombanisha wanawe. Maji yalikuwa yametoka, boti imekaa mchangani. Shemeji alikuwa kule kwa wavuvi, anaongea. Nimerudisha benchi ili mama apate pa kukaa, nimemshika mkono kwa adabu. Mama ana mwili, Mungu ambariki. Swichi nilikuwa nimeiwasha, najaribu tena.

Alipokaa, ubao ukalia na mshale ukaruka hadi juu kabisa.

Alipoinuka kufunga mwavuli, ukashuka.

Sasa mama mkwe utamwambiaje, inuka, kaa tena, ninahitaji uzito wako? Heri niapishwe! Nikasema, "Mama, hapo jua, sogea mbele." Kasogea. Mshale chini. "Mama, kule nyuma kuna upepo zaidi." Karudi. Mshale juu. Nikamhamisha tena.

"Baba, mbona unanihamisha kama kabati?"

Nilikuwa naitazama geji, machozi yananitoka. Akatazama nilikotazama. Kisha akainuka mwenyewe, taratibu. Akakaa. Akainuka. Akakaa kwa kishindo.

"Athumani!" Sauti ilifika kwa wavuvi. "Njoo umwone mwizi wako. Nimemkalia."

Chini ya benchi kuna skrubu ndefu, ncha imetokeza. Watu wakikaa, ubao unabonyea, ncha inaukandamiza waya wa boya kwenye bati la tangi, na mshale unapanda hata tangi likiwa kavu. Fundi alianza kwa kunyanyua benchi. Na mie vilevile. Tulikuwa tunamfukuza mwizi kwanza, ndipo tunamtafuta.

Jumapili, 10 Agosti

Wazee hawakuitwa. Nimekata ncha ya skrubu, nimefunga waya tepu, nimeupitisha pembeni. Tumewakalisha wavuvi watatu pale juu, warukeruke. Mshale umetulia.

Shemeji kanirudishia ufunguo. "Yameisha hayo." Yameisha kwa nani? Hakusema samahani. Mwanaidi yeye kasema, tena kwa kulia, kwa lile swali lake. Nimemwambia nimesamehe. Nimefurahi na nina hasira, vyote pamoja.

Jumatano, 13 Agosti

Bahari shwari. Nimewahi kushuka ufukweni. Shemeji alishatangulia, kainama juu ya tangi. Anachovya ufito, anautoa, anapima unyevu kwa kidole. Geji iko mbele yake, inawaka, inasema kweli. Aliponisikia akauficha nyuma ya mguu.

Nikamsabahi. Akaitika.

Nimewapeleka wageni, nimewarudisha, nimeosha boti. Nimekabidhi ufunguo.

Njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mwanaidi kwamba tuhame. Nimefungua mlango, nikamkuta amesimama juu ya kiti. Pazia alishalishusha, analikunja.