Neno Nililomwambia Amri

S.L.P. 62,
Tunduma, Mbozi,
Mkoa wa Mbeya.
24 Machi 1985

Mpendwa Dada Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hamis na wote hapo Makunduchi. Miguu ya Mama inaendeleaje? Uliniandikia kuwa imevimba tena, hata kukaa chini kusuka ukili hawezi. Namwombea kila nisalipo. Mimi mwili hauna neno. Mvua huku haijakatika na baridi ni ile ile ya kulala na sweta. Sukari na sabuni bado tunavuka kwenda kuvitafuta Nakonde, upande wa Zambia, tukivipata.

Dada, kama kuna watu hapo karibu, ingia chumbani usome peke yako.

Nataka kukueleza alivyokufa ndugu yetu Amri. Najua nilishakuandikia Novemba. Niliyoyaandika hayakuwa kweli.

Nilisema alitia mkono ndani ya televisheni ya mteja bila kuniuliza. Hayo ndiyo niliyowaambia polisi, nikawaambia majirani waliokuja kuzika, nikakuandikia na wewe. Amri aliniuliza, Dada.

Televisheni ile ni ya Yonathani, Mnamwanga wa ng'ambo ya mpaka anayefanya kazi kwenye reli ya TAZARA pale Nakonde. Alikuja nayo kutoka mji wa Kitwe, ndani ya Zambia. Hapa mpakani haishiki stesheni yoyote, lakini alikuwa anangoja uhamisho wa kurudi huko, akataka irudi ikiwa nzima. Ilikuwa imekufa kabisa, haina mwanga wala sauti.

Wewe umezoea kuiona televisheni huko Unguja, ila ndani yake huijui. Mna kikopo kikubwa kama kopo dogo la dawa, sisi mafundi tunakiita kapasita. Kazi yake ni kuhifadhi umeme. Televisheni nzima ukiizima hujimalizia umeme wake. Iliyokufa huubakiza mle mle kikoponi, hata kama waya umeshauchomoa ukutani. Ndiyo maana kabla ya kuigusa sharti uutoe, na sisi tulikuwa tunautoa kwa balbu yenye nyaya mbili. Mimi ndiye niliyemfundisha Amri jambo hilo.

Siku ile tulipata umeme wa jenereta ya mashine ya kusaga hapo jirani. Nikaipima televisheni, nikachomoa waya. Akaja mtu mlangoni anatafuta betri za redio, nikasimama naye tunabishana bei. Mvua ilikuwa imeingia ndani, sakafu imelowa, na Amri alikuwa amevua viatu. Akaniita.

"Kaka, umeshautoa umeme?"

Sikugeuka. Nikamjibu, "Nimeshachomoa. Shika tu."

Akashika. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bati la televisheni, wa kulia ukaenda kwenye kile kikopo. Sikusikia ukelele wowote. Nilisikia kiti kikianguka. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi, na nilimwita mpaka sauti ikanikauka.

Polisi alipouliza, ulimi wangu ukasema, "Alitia mkono bila kuuliza." Sikuupanga uongo ule, Dada, ulitoka wenyewe. Lakini kesho yake niliurudia, na mara hiyo nilikuwa najua ninachosema.

Tangu hapo sijakaa kwa raha ndani ya banda letu la ufundi. Televisheni niliifunika gunia, nikaisogeza kwenye kona. Nikifungua redio ya mtu, kabla sijaigusa, namsikia Amri nyuma ya bega langu: "Kaka, umeshautoa?" Si ndoto. Nasikia saa nne ya asubuhi, watu wanapita nje na magunia ya mahindi, jua limewaka. Mara nyingine nimejibu kwa sauti, na mteja akaniangalia. Majirani wanasema lile gunia hupumua. Nami sikuwacheka, kwa kuwa nililiona likipanda na kushuka, nikajiambia ni upepo, kisha nikatazama mlango nikauona umefungwa.

Ikaja barua yako ya Januari. Uliandika kuwa Mama anawaambia wanaokuja kumpa pole, "Uzembe wake ndio uliomponza mwanangu." Ukaandika kuwa Tabu, mke wa marehemu, alikataa katakata. Akasema Amri hata kuku alikuwa hamchinji bila kuuliza kama kisu kimenolewa, na Mama akamfokea mbele ya watu. Nilisoma maneno hayo mara tatu. Mjane peke yake ndiye aliyesema kweli, naye anafokewa kwa ajili yangu.

Mwezi uliopita Yonathani alikuja. Nilidhani anaidai televisheni yake. Akakaa kwenye benchi, kofia mikononi.

"Mukwai," akasema, ndivyo wanavyoitana huko kwa heshima, "uhamisho wangu umefika. Mke wangu anataka tuitupe. Mimi siitupi wala siichukui mpaka uniambie yule kijana alikufaje. Chombo changu kimemuua mtu. Nina haki ya kujua."

Nikaanza yale yale. "Alitia mkono bila..."

Nikashindwa kumalizia. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Hakunifariji wala hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mama yake anajua?" Nikasema hajui. Akatikisa kichwa. "Basi itengeneze kwanza, mimi nikiwa hapa. Usiiogope mbele yangu. Halafu kamwambie mama yake."

Nililitoa gunia. Nikachukua ile balbu na nyaya zake, nikagusisha. Haikuwaka. Miezi minne umeme wote ulikuwa umeshakwisha, kikopo kilikuwa kitupu. Nikagusisha tena na tena, mpaka Yonathani akanishika kiwiko akasema inatosha.

Kile kikopo kikubwa kilikuwa kizima. Mbovu zilikuwa kapasita mbili ndogo za pembeni, zimevimba vichwa na kutoa majimaji ya kahawia. Ndizo zilizoizuia televisheni kuwaka, na kwa kuwa haikuwaka, umeme ukabaki pale ukimngoja ndugu yangu. Nilimwandikia Yonathani namba za hizo kapasita, akamwagiza mwenzake wa treni alete mpya kutoka Kitwe. Baada ya wiki mbili alinijia nazo zimefungwa kwenye leso. Nikang'oa zile mbovu, nikachomelea mpya kwa risasi ya kuyeyusha.

Tulipowasha, kioo kilijaa chenga nyeupe na sauti kama ya mvua juu ya bati. Hapakuwa na picha, na hatukuitarajia. Yonathani alisimama wima kama mtu aliye makaburini. Nami nililia, Dada, kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Jioni ile ile aliifunga kwenye blanketi akavuka nayo.

Sauti ya Amri bado naisikia. Siwezi kukudanganya kuwa imekoma.

Nimefunga banda. Ijumaa napanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha boti. Barua hii nampa dereva anayetangulia na lori, ikufikie kabla yangu. Msomee Mama yote, usipunguze neno. Msomee na Tabu, mbele ya wale wale waliosikia akifokewa. Nikifika sitaingia ndani. Nitasimama nje ya ua mpaka Mama mwenyewe aseme niingie, na akisema nirudi nilikotoka, nitarudi.

Nisalimie shemeji Hamis, na Bi Fatu jirani yetu, na Tabu zaidi ya wote, ingawa najua salamu zangu ni nzito kuzipokea. Mwenyezi Mungu amlaze Amri pema, na awape nyinyi subira ambayo mimi sina haki ya kuwaomba.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinichukia,

Makame