Pampu Isichomolewe

Wanangu,

Pampu ya tangi la samaki isichomolewe tena, hata mgeni akilia simu imemzimikia. Jana niliichomoa mwenyewe ili shoga yangu achaji, umbea ukanoga, nikasahau kuirudisha. Asubuhi nimewakuta samaki wote watatu wa marehemu baba yenu wanaelea. Kobe wa maji ni mzima. Alikuwa akiwasukuma kwa pua kama anawaamsha.

Nimeshawazika nyuma ya jiko. Kobe mhamisheni kwenye beseni, mlioshe tangi bila sabuni, kisha mtie maji yaliyolala kwenye ndoo.

~~Nitanunua samaki wengine.~~ Hao wa kununua baba yenu hakuwalea.

Shoga yangu akija jioni mwambieni sipo. Nitakuwa chumbani.

Mama yenu na mdomo wake