Siku Tuliyoshangilia Giza

Kaka yangu mpendwa,

Salamu tele kwako na kwa wifi. Mnaendeleaje? Huyo mgeni tumboni bado anampiga mama yake mateke? Sisi ni wazima, ila Mama amekazana kufuma soksi ndogondogo mpaka macho yanamuuma.

Kazini mambo yamenyooka. Kile kikaratasi chetu cha kupimia maji ya kunywa kimekubali! Unakichovya, kisha unakimulika gizani kwa tochi ya zambarau kama ile ya kukagulia noti bandia. Maji yakiwa na sumu ya madini ya risasi, kinang'aa. Yakiwa salama, hakionekani. Ni cha bei rahisi, kila nyumba itakimudu. Lakini kilitutesa, kaka! Kilikuwa kinawaka hata kwa maji safi kabisa ya maabara. Siku moja mkuu wetu akaja kwenye chumba cha giza kutufokea. Nikawasha tochi, shati lake jeupe likawaka kama mzimu, mwenzangu akapiga yowe, kisha tukaangua kicheko. Mkuu akauliza tunacheka nini. Nikamwambia ni sabuni! Sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, na ndiyo tuliyokuwa tunaoshea chupa zetu. Tulipobadilisha sabuni, kikaratasi kikatulia.

Sasa kaka, kaa chini. Maji ya kwanza kukiwasha kweli yalikuwa ya bomba la jikoni kwetu. Nilikuficha makusudi, maana ungemkataza wifi kuja kujifungulia nyumbani, na Mama angevunjika moyo. Fundi bomba alibomoa ukuta, akakuta bomba kuukuu la risasi, akaling'oa lote na kuweka la plastiki. Mama naye alipimwa damu. Daktari amesema hana neno.

Jana tulifunga madirisha ya jikoni, mimi, Mama, fundi na jirani. Nikachovya, nikamulika. Giza tupu. Mama akasema, "Mwanangu, hiyo tochi imekufa." Nikamwomba atabasamu, nikammulika, meno yake yakang'aa, maana meno ya mtu yeyote huwaka kwa mwanga huo! Fundi akacheka hadi akakaa chini. Hapo Mama akaamini, akakinga maji glasi nzima na kuyamaliza papo hapo. Tukapiga makofi na vigelegele. Sijawahi kuona watu wakishangilia giza namna ile.

Basi mlete wifi, chumba chake kiko tayari. Mama anawabusu nyote wawili, tena anasema watatu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibatiza Maswali.