Kidole Changu Begani kwa Baba

Mshauri mpendwa,

Uliandika humu gazetini kwamba "mzee asiondolewe kazini kwa tarehe ya kuzaliwa, apimwe kwa kazi yake." Hukusema apimwe na nani, maana anayempima baba yangu ni mimi, na ninaomba msaada kabla sijapasuka. Baba ni diwani, ana miaka sabini na minane, masikio yamemtupa na anasahau haraka, kwa hiyo kila kikao mimi huketi nyuma yake, asubuhi huniambia msimamo wake, na upande wake, wa ndiyo au wa hapana, ukiitwa ninamgusa bega, ananyoosha mkono. Mwanzoni nilifuata alichosema, baadaye akawa hakumbuki alichosema, nikawa ninaamua mwenyewe, soko, barabara, zahanati, miaka miwili sasa, na watu wanasifu eti hekima ya wazee.

Jumanne ikaletwa hoja kwamba diwani au mfanyakazi yeyote wa baraza akitimiza sabini aondoke. Asubuhi baba alisema, "Hapana, binti yangu. Hapana kabisa." Lakini nimechoka, mshauri, nimechoka kumfunga vifungo vya koti na kumwambia tuko wapi, nikaona akistaafishwa tutapumzika sote, wenye ndiyo wakaitwa, nikamgusa. Hoja ikapita kwa kura moja.

Jana akaja fundi wa baraza wa pampu za maji, rafiki yake wa tangu utotoni, ana miaka sabini na mmoja na huitambua pampu mbovu kwa kuweka kiganja tu juu ya bomba. Hata hakuketi. Akapaza sauti, "Umeniuza, bwana wee?"

Baba akacheka. "Mimi? Hili sijalisahau, nilisema hapana! Muulize huyu, alikuwa nyuma yangu."

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema naenda kutazama chai.

Kumbukumbu za kikao zinathibitishwa Ijumaa. Nifanye nini?

Mwenye Kidole

*

Mwenye Kidole,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nimeletewa humu wake wa siri na wosia wa kughushi. Baraza zima kuendeshwa kwa kidole, sijapata kuona!

Unanirushia maneno yangu usoni, nayarudia. Fundi angepimwa kwa kiganja chake, angebaki. Baba yako angeulizwa swali moja tu, "Tunapigia kura nini?", angekwenda nyumbani kwa heshima miaka miwili iliyopita. Hakupimwa kwa sababu ulimfanyia mtihani wake. Na hiyo sheria yako inamwondoa nani? Mzee mgonjwa na fundi mzima. Wewe, diwani usiyechaguliwa na mtu, haikugusi hata ukucha!

Umechoka, naamini. Kumtunza mzazi si lelemama, na sioni aliyekupokea mzigo. Lakini uchovu huombewa msaada, hautungiwi sheria. Ati chai! Mtu anapoteza kazi, wewe unakimbilia chai!

Leo hii keti mbele ya baba, si nyuma, umwambie kwa sauti atakayoisikia: "Ni mimi, baba." Atafoka, vumilia. Kisha nendeni wote kwa fundi. Kabla ya Ijumaa karani wa baraza awe na barua mbili: yako ya kukiri, ili kura ile irudiwe, na ya baba ya kujiuzulu, aitie sahihi akiwa ameelewa. Huenda ukashtakiwa. Nenda hivyo hivyo.

Nanyi wake, watoto na makatibu mnaoketi nyuma ya viti kama cha diwani huyu, mnajijua: ondoeni vidole vyenu mabegani mwa wazee hao wiki hii hii, tuone ni nani atakayenyoosha mkono wake mwenyewe.